Derayeri ya Mkurugenzi

Winifred alijua kazi itaharibika tangu alipoziona glovu. Zilikuwa nyeupe. Mkurugenzi Zephaniah alizivaa kidole kimoja kimoja, taratibu, kama daktari wa upasuaji anayejua kuwa ndugu wa mgonjwa wanamtazama, kisha akainua mikono yote miwili ili kila aliyeketi uani kwake Gahanga, pembeni mwa Kigali, aone jinsi zilivyomkaa. Watu wakapiga makofi. Hata bolti moja ilikuwa haijaguswa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, ulikuwa umekwisha, majembe yamesuuzwa na kuegemezwa ukutani, na wanachama wa klabu ya baiskeli aliyoiongoza Zephaniah walikuwa wamejipanga kwenye viti vya plastiki wakinywa fanta. Mbele yao palisimama stendi mpya ya kutengenezea baiskeli, bado ina nailoni ya dukani miguuni, na juu yake ilining'inia baiskeli ya msichana wa klabu aitwaye Mukunde.

Baiskeli hiyo ilikuwa imeumia siku chache nyuma huko Remera. Mukunde alikuwa ameiegemeza nje ya duka la ushonaji la Usumani, alikokuwa akifanya kazi ya kupindia suruali na kushona vifungo, na pikipiki ya abiria iliyokuwa ikilikwepa basi ikaikumba na kuilaza chini kwa upande wa kulia. Kilichovunjika ni derayeri ya nyuma, kile kimkono cha chuma kinachoning'inia kando ya gurudumu na kusukuma mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine. Bila hicho baiskeli ina gia moja tu, na kwa gia moja hakuna anayepanda kutoka daraja la Nyabarongo hadi Gahanga kwa mwendo wa kuonekana na watu.

Na Mukunde alitakiwa kuonekana. Kesho yake, Jumapili asubuhi, timu ya wanawake yenye kambi yake, kocha wake na chakula chake ilikuwa inakuja kuwajaribu wasichana kwenye mlima huo huo, na ingemchukua mmoja. Mukunde alikuwa akiishi na mama yake katika nyumba za Busanza, na kwa mwaka mzima alikuwa ameamka kabla ya jua kufanya mazoezi nyuma ya Winifred, bila kuuliza faida yake ni nini. Faida yake ilikuwa kesho.

Winifred hakuwa kocha wa mtu. Alikuwa mhandisi, mkaguzi katika kiwanda cha mabomba, na kazi yake, ukiisema bila mapambo, ilikuwa kukataa. Bomba lililopinda kiasi ambacho jicho la mtu wa kawaida halioni, yeye alilikataa. Alizaliwa Bukoba, akasoma Dar es Salaam, akarudi Kigali, walikotoka wazazi wake, akiwa mtu mzima. Zephaniah naye alikulia Mwanza. Ndiyo maana wawili hao walibishana kwa Kiswahili. Kinyarwanda chao kiliwatosha kununua mboga na kuzika watu, lakini hakikuwatosha kudharauliana vizuri.

"Ndugu wanachama," Zephaniah alianza, "mila zetu mnazijua. Mtu ukimpenda, unampa ng'ombe. Mimi leo, mbele yenu, nampa binti yetu Mukunde ng'ombe wa kisasa."

Akaiinua ile derayeri mpya juu ya kichwa chake. Baadhi ya watu wakainua mikono kama pembe, mmoja akapiga vigelegele. Mukunde akapiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili, akamrudishia mtoaji ili aifunge kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyotaka. Zephaniah akaendelea kuisifu. Alisifu wembamba wake na mng'ao wake. Alisema haijapata kuonwa kwenye mlima wowote wa nchi hii, jambo ambalo Winifred alijua si kweli, kwa kuwa yake mwenyewe ilikuwa ya aina hiyo hiyo.

Usumani mshonaji, mtu wa Biryogo ambaye ndiye aliyeshona jezi zote za klabu, alimwinamia Winifred. "Wini, ng'ombe huyu atatoa maziwa au grisi?"

"Atatoa machozi," Winifred alisema.

Zephaniah alifunga derayeri. Haki itendeke: aliifunga mahali pake, na bolti aliizungusha upande unaotakiwa. Aliyajifunza hayo kwenye video, na simu yenye video hiyo ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya fanta mbele yake, akiisimamisha na kuiendesha kwa ncha ya pua, kwa sababu kioo hakikuzitambua glovu. Alipitisha waya, akaubana. Alizungusha pedali. Mnyororo ukalia kama sahani zinazooshwa na mtu mwenye hasira.

"Kelele hizi ni za kawaida," Zephaniah aliwaambia watu. "Chombo kinazoea."

Kisha akachukua bisibisi na kuanza kuikaza na kuilegeza skrubu inayozuia mnyororo usianguke nje ya gia ndogo. Skrubu hiyo na kelele ile havikuhusiana kwa lolote. Ilikuwa sawa na kusikia bomba la bafuni likivuja ukaenda kubadilisha balbu ya sebuleni. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu anayefikiri, na uso huo ndio uliomchosha Winifred kuliko kazi yenyewe. Mjinga aliyekunja uso kwa kuchanganyikiwa angeweza kumvumilia. Huyu alikuwa amekunja uso kwa hekima.

Alipoona kiti chake kimemruhusu kuona gurudumu kwa nyuma, Winifred aliangalia mara moja tu, ikatosha. Derayeri haishikwi na fremu moja kwa moja. Inashikwa na kipande kidogo cha aluminiamu ambacho mafundi wanakiita sikio, na kipande hicho kimetengenezwa kiwe laini ili baiskeli ikianguka kipinde chenyewe, fremu isalimike. Anguko linalovunja derayeri haliachi kulipinda sikio. Na sikio la baiskeli ya Mukunde lilikuwa limepinda. Vile vigurudumu viwili vidogo vya derayeri, ambavyo vinatakiwa kusimama wima chini ya gia, vilikuwa vimelala kuelekea ndani, kwenye spoku. Kuna skrubu ya pili inayozuia mnyororo usizidi gia kubwa kabisa na kuingia kwenye spoku hizo. Zephaniah hakuigusa. Alijaribu gia ndogo, akajaribu za katikati, na kwa kuizungusha ile nati ya kukaza waya, kwa bahati zaidi kuliko akili, akazinyamazisha. Gia kubwa kabisa, ile nyepesi, ya mlimani, hakuifikia.

"Mkurugenzi," Winifred alisema kwa sauti ya kawaida. "Sikio umelipima?"

"Sikio?" Zephaniah aligeukia watu wake, glovu kiunoni, sasa nyeusi kwenye vidole viwili tu. "Dada Winifred, hii ni baiskeli. Masikio yanapimwa hospitali."

Uani pakacheka. Mwenyeji alikuwa ametania, fanta ilikuwa ya mwenyeji, basi pakacheka kwa ukarimu.

"Na ile skrubu ya ndani?"

"Hiyo wameshaipanga kiwandani. Au wewe wajua kuliko kiwanda?"

Ndani ya mkoba wa Winifred, kati ya miguu yake, palikuwa na chuma cha kupimia sikio, kirefu kama mkono, alichokuja nacho kwa makusudi. Angeweza kusimama. Ingehitaji kuifungua derayeri, kukaza chuma kile mahali pake, kulinyoosha sikio, na kuanza upya. Kazi ya muda mfupi tu. Lakini ingehitaji pia kusema mbele ya watu wote kwamba ng'ombe aliyetolewa ni mgonjwa, na mtoaji bado amesimama hapo na glovu zake. Jambo hilo halifanywi. Hata Usumani, aliyesema kwa moyo safi, "Sasa mtoto apande kidogo, azunguke uani tuone?" alikutana na kimya kikubwa hadi akacheka mwenyewe na kusema alikuwa anatania. Kuijaribu zawadi mbele ya aliyeitoa ni kumwambia humwamini. Basi baiskeli haikujaribiwa. Ilishangiliwa.

"Itie kwenye gari langu kesho," Winifred alimnong'oneza Mukunde. "Au njoo nayo kwangu leo jioni."

Mukunde akatikisa kichwa. "Mkurugenzi anasema iko inalala hapa, dada Wini. Atanileteya yeye mwenyewe, asubuhi."

Kwa kawaida mtu mwenye hoja angeisema hoja yake. Winifred alikaa, akamalizia fanta yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajisikia vizuri. Alikuwa ameshapanga. Kesho, pale darajani, mbele ya kocha wa timu na mafundi wake, watu wanaojua sikio ni nini, angeinama, angesukuma derayeri kwa kidole gumba, na chuma kingegusa spoku kila mtu akisikia. Hangehitaji kusema neno. Kipimo kingesema. Kisha angelinyoosha sikio mbele ya macho yao, na Zephaniah angesimama kando na video yake. Aliiona picha hiyo yote waziwazi, na hakujiuliza kwa nini ndani ya picha hiyo Mukunde alionekana kwa mbali sana.

Asubuhi wasichana walikuwa wameshafika darajani, wanazunguka taratibu kupasha miguu moto, chini yao mafunjo ya bonde yakiwa bado yana umande. Mukunde alikuwa amesimama na kofia yake kichwani, viatu miguuni, bila baiskeli. Zephaniah, aliyekuwa akiishi karibu kuliko wote, ndiye aliyekuwa hajafika.

"Huyu wenu anakimbia kwa miguu?" aliuliza Alida, kocha wa timu, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni.

"Anakuja," Winifred alisema.

"Mimi nahesabu walio kwenye mstari. Anayekuja simhesabu."

Zephaniah alitokea wakati wasichana wanaitwa mstarini. Baiskeli ilikuwa imesimamishwa nyuma ya pikapu kama bibi harusi, imefungwa utepe wa buluu kwenye kiti, inadondosha maji. Alikuwa ameipitisha kwenye kinamba, wanakooshea magari, ikapigwa kwa bomba la nguvu hadi mafuta ya mnyororo yote yakaondoka.

"Lazima ing'ae kwenye picha," alieleza, akishuka.

Mukunde alikuwa ameshaidaka. Winifred alichuchumaa, akasukuma derayeri kwa kidole gumba. Ilipita gia kubwa, ikaendelea, na chuma kikagusa spoku. Tik. Sauti ndogo sana. Hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye.

Muda wa kulinyoosha sikio haukuwepo. Muda wa kuifungua tu derayeri haukuwepo. Mukunde akiweka gia ile kwenye kona kali, kwa nguvu zake zote, mnyororo ungeruka ndani, spoku zingeikamata derayeri, gurudumu lingejifunga, naye angetupwa barabarani. Lililowezekana lilikuwa moja: Winifred alitoa bisibisi mfukoni na kuikaza ile skrubu ya ndani hadi derayeri ikagoma kabla ya gia kubwa. Sasa mnyororo usingeweza kufika kwenye spoku. Usingefika kwenye gia ya mlimani pia.

"Mkaguzi!" Zephaniah alikuwa amemwinamia na simu, anarekodi. "Haya waambie watu. Umepata kosa?"

Alida aligeuka, filimbi mdomoni. Mafundi wake wawili wakageuka. Ile picha ya jana ilikuwa imesimama mbele ya Winifred kama alivyoipanga, na watu wote walikuwa mahali pao. Ila sasa aliona alichokuwa hajakiona akiwa kwenye kiti cha plastiki: kocha akisikia baiskeli ina kosa, anamtoa msichana mstarini. Ndivyo yeye mwenyewe angefanya. Ndivyo alivyofanya kila siku kazini.

"Hakuna kosa," Winifred alisema.

Mukunde, mguu mmoja kwenye pedali, alimwangalia chini ya ukingo wa kofia yake. "Gia ziko sawa, dada Wini? Zote?"

Simu ya Zephaniah ilikuwa kati yao. "Ziko sawa," Winifred alisema. "Nenda."

Filimbi ikalia.

Waliwafuata kwa pikapu ya Zephaniah, yeye akiendesha, Winifred pembeni, Usumani nyuma amesimama na utepe wa buluu mkononi, akipiga kelele. Mukunde alipanda vizuri. Alipanda vizuri kuliko Winifred alivyowahi kumwona. Wengine waliachwa mmoja mmoja kando ya barabara kama mizigo iliyotupwa, hadi juu wakabaki wawili, yeye na msichana mrefu aitwaye Natacha, bega kwa bega, wakielekea kona ya mwisho ambapo barabara inainuka kwa ghafla kabla ya nyumba za kwanza za Gahanga.

"Mnasikia?" Zephaniah alisema, ameshusha kioo. "Mnasikia ilivyotulia? Hailii kabisa!"

Kweli haikulia. Winifred hakumwangalia. Alikuwa akimwangalia Natacha, ambaye mnyororo wake ulipanda kwenye gia nyepesi na miguu yake ikaanza kuzunguka kwa wepesi. Kisha akakiangalia kidole cha Mukunde. Kilibonyeza swichi ya gia. Hakuna kilichotokea. Kikabonyeza tena. Mukunde aliendelea kukanyaga, mwili wote ukiyumba kwenye gia nzito, kidole kikibonyeza na kubonyeza, akiingoja gia ambayo mtu aliyemwamini alikuwa amemwambia ipo. Halafu akainamisha kichwa kuangalia nyuma, kati ya miguu yake.

"Anaangalia nini huyu?" Zephaniah alipiga honi. "Mbele, binti! Mbele!"

Aliporudisha macho mbele, Natacha alikuwa ameshaondoka. Mukunde alisimama juu ya pedali na kumfuata, akamfuata kwa namna ambayo Winifred asingependa kuikumbuka, na akafika kileleni nyuma yake kwa urefu wa baiskeli.

Alida alimpa Natacha mkono. Alimpa Mukunde mkono pia, akasema ana moyo mkubwa. Hicho ndicho wanachoambiwa wasiochukuliwa.

Zephaniah aliwakusanya wanachama chini ya ukuta wa duka. "Tusihuzunike," alisema. "Chombo kimefanya kazi yake, mmesikia wenyewe. Hata Mkaguzi, ambaye anakataa kila kitu, hakuona kosa. Miguu ndiyo bado kidogo. Miguu tutaitengeneza." Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Winifred alijaribu kumdharau Zephaniah kama jana. Kila kitu kilikuwepo cha kumsaidia: simu, utepe, hotuba. Lakini dharau ilikuwa inateleza, haishiki.

Mukunde alikuja akiisukuma baiskeli. Jasho lilikuwa limemkauka usoni likaacha chumvi.

"Dada Wini. Ile gia ya mwisho iko wapi?"

"Nimeifunga mimi. Pale darajani, kwa skrubu. Sikio limepinda, ungeitumia ungeanguka."

Mukunde alifikiri. "Limepinda lini?"

"Remera. Lilipinda pale pale pikipiki ilipoiangusha."

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na leo nikakuuliza."

"Angesikia kocha angekutoa."

"Kocha iko mbali. Mimi niko hapa, karibu na mdomo yako." Hakupandisha sauti. Alielekeza kidevu kwa Zephaniah, aliyekuwa akipiga picha na watu. "Yule hajui kitu. Yule anapenda tu watu wamuone. Lakini wewe unajua."

Winifred alikuwa na majibu. Kila moja lilikuwa la kweli, na alipoyapanga akaona hakuna hata moja linalojibu ya jana.

"Iko ile chuma ya kupima?" Mukunde aliuliza. "Nipe."

Alimpa. Mukunde aliipindua baiskeli pale pale kando ya barabara, akaifungua derayeri kwa spana, akakikaza chuma kwenye sikio kama alivyomwona Winifred akifanya, akakizungusha kando ya rimu, juu, chini, mbele, nyuma. Kwa chini kiliachana na rimu nafasi ya kupita kidole. Akakivuta taratibu, akapima, akavuta tena. Winifred alinyoosha mkono kumsaidia. Mukunde alisogeza bega kidogo, na mkono ukabaki hewani.

"Mnarekebisha nini tena?" Zephaniah alisogea, anatabasamu.

"Nasafisha tu, Mkurugenzi," Mukunde alisema, akasimama, akamkumbatia kama mtoaji anavyokumbatiwa, kwa mikono yote. "Asante kwa ng'ombe."

"Unaona?" Zephaniah alimwambia Winifred. "Mtoto ana adabu."

Alipoondoka, Mukunde alirudisha derayeri mahali pake, akailegeza skrubu ya ndani, akazungusha pedali na kubonyeza. Mnyororo ukapanda gia moja baada ya nyingine hadi kwenye ile kubwa kabisa, ukakaa hapo, kimya, mbali na spoku. Akautazama kidogo ukizunguka. Kisha akakipangusa chuma kwa kitambaa cha jezi yake, akasimama mbele ya Winifred na kumrudishia kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, kama mtu anavyomrudishia kitu mgeni wa heshima.

"Asante, madamu," alisema, akapanda baiskeli na kushika njia ya Busanza.